Mto Uliohama Bila Idhini

Nchi ya Tuamaji ilikuwa na mto mmoja, Liwalo, na mto ule ulikuwa na wenyewe. Mgeni aliyeshuka kutoka vilima vya magharibi aliuona kwanza mto, mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, umejinyoosha katikati ya nchi kama mtu aliyelala baada ya shibe. Kisha akaziona nyumba saba za Baraza la Ukingo, zimesimama juu ya nguzo ndefu za mninga, vibaraza vyake vimetokeza mpaka juu ya maji ili Wakuu wanawe mikono bila kushuka ngazi. Ndipo, baada ya kupepesa macho mara mbili tatu, akauona mji wenyewe, umebanana nyuma ya nyumba zile kama watu wanaochungulia ngoma juu ya mabega ya waliowahi mbele. Upande huu wa mto palikuwa na soko, mahakama na visima. Upande wa pili palikuwa na mashamba, makaburi na mkunga. Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa Tuamaji aliyeweza kuzaliwa, kula, kushtakiwa wala kuzikwa bila kuvuka, na hapakuwa na ruhusa ya kuvuka ila kwa Mashua Kuu ya Baraza, na kila mzigo ulioingia katika mashua ile ulitoka umepungua. Aliyepanda na kuku watatu alishuka na wawili. Hata maiti aliacha kipande cha sanda.

Wakuu hawakuwa watu wa viboko. Walikuwa wanene, wapole, wenye sauti za chini, na waliamini kwa mioyo yao yote kwamba mto unapita kwa sababu wao wameukubalia. Mkubwa wao aliitwa Mwenye Maji. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limekwisha kusahaulika, na ilisemekana hata yeye halikumbuki. Kila mwaka, mwanzo wa masika, alitoka kibarazani amevaa joho la buluu, na katibu wake, Bwana Mhuri, akausomea mto idhini ya kuendelea kupita mwaka mwingine. Mto ukapita. Watu wakapiga makofi, wakarudi makwao.

Katika nchi hiyo aliishi Mbaruku, mtu wa Mashua Kuu tangu ujana wake. Alipoingia alipewa kata ya kufulia maji, kuyateka na kuyamwaga nje yale yaliyovujia ndani, na kwa miaka mitano aliujua mto kwa harufu ya maji yaliyotuama chini ya miguu ya abiria. Miaka mitano mingine alikuwa fundi wa kalafati, akipitisha siku nzima amelala chali chini ya mashua, anashindilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao mpaka vidole vikafa ganzi. Miwili akashika kamba. Na miaka yote hiyo kumi na miwili jicho lake lilikuwa juu ya upondo, ule mti mrefu wenye ncha ya shaba ambao nahodha husimama nao tezini, nyuma ya mashua, na kusukumia chombo mbele, kwa kuwa mwenye upondo alipewa nyumba ya nahodha karibu na gati, na heshima ya kuitwa kwa cheo chake, na kiti msibani. Mbaruku alikuwa mcha Mungu kwa kipimo chake. Kila alipoomba, aliomba upondo. Nahodha wa zamani alipofariki, na Bwana Mhuri akamkabidhi Mbaruku upondo mbele ya watu, alihisi kuwa Mungu amekwisha kumjibu na mazungumzo baina yao yamefika mwisho.

Siku ya tisa mto ukaondoka.

Huko juu vilimani mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na upande mmoja wa mlima ukameguka, ukaziba njia ya maji. Nayo maji, ambayo hayana ubishi, yakageukia bonde jingine. Mbaruku alipofika gatini asubuhi aliikuta Mashua Kuu imelala ubavu, na mahali pa mto pana tope linalong'aa na kambale wanaojipinda juani. Wanawake walikuwa wamekwisha kuingia na vikapu. Alasiri kambale walikuwa wamekwisha. Siku ya tatu tope likapasuka, na siku ya saba upepo ukaanza kupeperusha mchanga katika vibaraza vya Wakuu.

Baraza lilikaa siku hizo zote bila kutoka. Lilipotoka, Bwana Mhuri alisimama kibarazani akasoma kwa sauti yake ile ya upole:

"Imethibitika kwamba mto Liwalo upo mahali pake. Mto hauwezi kuhama bila idhini, na idhini haikutolewa. Atakayesema hakuna maji atakuwa amesema uongo juu ya maji, na uongo juu ya maji ni uongo juu ya Mwenye Maji. Uvukaji uendelee."

Ukaendelea. Mashua ilisimamishwa wima kwa magogo kandokando ya gati. Watu walipanda kwa ubavu wa kulia na mizigo yao, wakaketi, na Mbaruku akasimama tezini akisukuma upondo mchangani kwa muda uleule uliokuwa ukihitajika zamani kufika ng'ambo, muda wa chungu cha wali kuiva. Kisha walishuka kwa ubavu wa kushoto, kuku mmoja akiwa amebaki nyuma, wakatembea hatua mia nne za mchanga mkavu huku wameinua nguo zao kidogo, kama sheria ilivyotaka, zisilowe.

Siku za kwanza Mbaruku aliona aibu. Baadaye aligundua kwamba hata aibu huzoeleka, mradi mtu ana kitu cha kushika mkononi. Mkewe, Somoe, aliyekuwa akiuza uji pale gatini, alimngoja jioni moja mpaka amalize kula.

"Umechoka leo," akamwambia.

"Kulikuwa na mawimbi."

Somoe akaiweka chini sahani aliyokuwa akiifuta. "Mume wangu, mto umehama."

"Najua."

"Mbona basi unaniambia habari za mawimbi?"

"Kwa sababu nimeungoja upondo huu miaka kumi na miwili," Mbaruku akasema, na sauti yake ikaanza kukwaruza. "Nimeuombea. Wewe unajua nilivyouombea. Mungu amenipa juzi, atanipokonyaje leo? Labda ananijaribu. Labda nikivumilia, maji yatarudi."

"Labda. Mimi sikuwapo alipopanga." Akaiokota tena ile sahani. "Ninachojua ni kwamba aliyeuhamisha mto ni yeye, si Bwana Mhuri. Sasa yeye yuko na mto wake huko alikoupeleka, na sisi tumekaa hapa na mashua."

Mbaruku akainuka akanawa mikono. Alikasirika kwa siku kadhaa, hasira ya mtu aliyeambiwa jambo ambalo alikwisha kulisikia moyoni mwake mwenyewe.

Mwaka ukapita. Visima vya mji, ambavyo siku zote vilikunywa kwa siri kutoka mtoni, vikaanza kushuka. Kamba za ndoo zikaungwa, zikaungwa tena. Masika yalipofika Mwenye Maji alitoka na joho lake la buluu na mchanga ukasomewa idhini ya kupita mwaka mwingine. Makofi yalikuwa hafifu, lakini yalipigwa.

Ilikuwa adhuhuri, wiki chache baada ya sherehe hiyo, mwanamke aitwaye Kidawa alipoletwa gatini na mama yake, Bi Hadia, akiwa ameshikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Bwana Mhuri mwenyewe alikuwa ameketi omoni, mbele ya mashua, siku hiyo, amekuja kukagua mwenendo wa uvukaji. Kidawa alipandishwa, akalazwa juu ya kanga sakafuni, na Mbaruku akaanza kusukuma.

"Nahodha," Bi Hadia akasema baada ya kitambo, "mwanangu amebanwa. Mkunga yuko pale. Mlango wake nauona kutoka hapa nilipo."

Mbaruku akamtazama Bwana Mhuri.

"Mashua haijafika," Bwana Mhuri akasema bila ukali wowote. "Ndiyo kwanza tuko katikati. Akishuka sasa atazama."

Mbaruku akasukuma kwa nguvu zaidi. Aliuchomeka upondo mchangani akaulalia kwa kifua, akauchomoa, akauchomeka tena, haraka haraka, jasho likimtiririka mgongoni, kama kweli angeweza kufika mapema; na mashua iliyoegemezwa kwa magogo ikalia kwa kila msukumo na isiende popote. Kidawa alinyamaza. Kunyamaza kwake kulimtisha Mbaruku kuliko vilio. Kisha akahisi vidole vya Kidawa vimemshika kifundo cha mguu.

"Nahodha," Kidawa akamuuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Hapo chini kuna maji?"

Abiria wote walikuwa wameinamisha vichwa. Bwana Mhuri alikuwa ametoa kalamu yake. Mbaruku aliutazama mkono wake uliokuwa umeushika upondo, akaona jinsi miaka ilivyoukunja ukawa na umbo la upondo, akafikiri kwamba ukiuachia pengine hautajua tena la kufanya.

"Hakuna, mwanangu," akasema. "Hakuna maji. Mwaka wa pili huu hakuna maji. Njoo nikushushe."

Akauweka upondo chini, akamwinua Kidawa mikononi, akashuka naye kwa ubavu wa kushoto, akazitembea zile hatua mia nne moja kwa moja bila kuinua nguo, Bi Hadia akimfuata mbio na kanga. Mkunga alimpokea mlangoni. Mbaruku alikaa nje ukutani mpaka aliposikia kilio chembamba cha kiumbe kipya, na Bi Hadia akatoka kumwambia ni wa kike na ananyonya, ndipo akainuka akarudi.

Upondo haukuwapo. Nyumba ya nahodha ilikuwa imefungwa, na Somoe ameketi nje juu ya vyungu vyake. Hukumu ilikuwa imekwisha kubandikwa gatini: Mbaruku, nahodha wa Mashua Kuu, amewashusha abiria wawili katikati ya mto kukiwa na kina kirefu, nao wamezama, kwa hiyo ameondolewa katika kazi, katika nyumba na katika nchi, kabla ya jua kutua.

"Wamezama?" Mbaruku akauliza. "Nimewaacha sasa hivi, mtoto ananyonya."

"Mtoto gani?"

"Wa kike."

Somoe akatabasamu, akafunga vyungu katika mkeka, akamtwisha mumewe fungu zito. "Twende basi tukautafute mto."

Walifuata njia ya zamani ya maji, kwenda juu, kwa sababu Somoe alisema kitu kilichopotea hutafutwa kuanzia pale kilipoonekana mwisho. Njia ile ilikuwa mawe na vumbi. Walilala vichakani, walikunywa kidogo kidogo kutoka kibuyu kimoja, na mchana kutwa Mbaruku alikwenda mbele. Hakujuta kumshusha Kidawa. Alijua angemshusha tena. Kilichomla ni jambo jingine. Alikuwa ameyajenga maisha yake kama mtu anavyojenga ukuta, tofali juu ya tofali, na kila tofali alikuwa amelisomea dua, na sasa aliyemwomba dua ndiye aliyeusukuma ukuta. Siku ya nne kibuyu kilikauka. Somoe aliketi kivulini mwa jabali kupumzisha miguu, na Mbaruku akapanda peke yake mpaka juu ya kifusi cha mlima ulioporomoka, akasimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu apewe upondo akazungumza na Mungu.

"Nilikuomba ukanipa," akasema. "Kisha ukachukua. Sikudai unieleze, nimekwisha kuchoka kufikiri. Sina tena kitu ninachokijua cha kukuomba. Nionyeshe tu pa kukanyaga kesho, na mke wangu asife kiu kwa ajili yangu."

Hapakuwa na sauti iliyomjibu. Upepo ulivuma kutoka upande wa magharibi, na baada ya muda akatambua kwamba una ubaridi, na kwamba ubaridi ule una harufu, na harufu ile aliifahamu tangu ujana wake, kwa kuwa aliwahi kuifua kwa kata miaka mitano. Akateremka mbio kumwita Somoe.

Mto Liwalo ulikuwa upande wa pili wa kifusi, mdogo na wenye kelele, kama kijana aliyetoroka nyumbani. Walikunywa mpaka wakaumwa matumbo. Kisha wakaufuata siku mbili kushuka, ukitanuka kadiri walivyokwenda, mpaka wakafika katika bonde pana la nyasi ambalo halikuwa na jina, na pale mto ulikuwa umetanda mpana kuliko ulivyopata kuwa Tuamaji. Mbaruku alisimama ukingoni, machozi yakimlenga. Alianza kuonyesha kwa mkono: hapa patafaa gati, pale kuna miti ya mbao, mashua atajenga mwenyewe, kalafati anaijua, upondo atachonga. Alikuwa ameelewa sasa, alimwambia Somoe. Mungu hakumpokonya, alimtoa katika mashua ya watu akamleta kwenye mashua yake mwenyewe.

Akavua viatu akaingia kupima kina. Maji yalimfika magotini. Akaenda mbele, bado magotini. Alikwenda hivyo, akizidi kupunguza mwendo, mpaka akatoka ng'ambo ya pili akiwa amelowa hadi mapajani tu, akasimama kule akiutazama mto ambao haukuwa na haja yoyote ya nahodha.

Aliporudi alijibwaga kwenye nyasi. Somoe alikuwa anajaribu kujizuia, mkono mdomoni, mabega yakimtikisika, kisha akashindwa, akacheka mpaka akaketi.

"Mungu ananifanyia mzaha," Mbaruku akasema.

"Hapana," Somoe akasema, akijifuta macho. "Ameuonea huruma mgongo wako."

Ikapita muda kabla ya Mbaruku kucheka, lakini alicheka.

Walivuka, wakajenga kibanda ng'ambo ya pili. Udongo wa pale ulikuwa mweusi na mwepesi, na mbegu za maboga alizokuwa Somoe amezifunga pembeni mwa kanga ziliota kabla hawajamaliza kuezeka. Mbaruku, kwa kukosa kazi anayoijua, alikata mti wa mkole, akawa anaingia mtoni kila siku kupapasa chini. Aligundua kwamba kivuko kile kilikuwa chembamba na kina tabia zake. Palikuwa na mawe yenye utelezi upande wa juu, na mchanga unaozama kidogo katikati, na upande wa chini, hatua chache tu kutoka mahali pa magoti, mto ulijikunja ghafla ukaingia katika shimo la kijani ambalo mti wake wote wa mkole haukufika mwisho wake. Alijifunza sakafu ile ya mto kama alivyozijua zamani nyufa za mashua. Alidhani anafanya hivyo kwa kupoteza wakati.

Mwezi wa tatu Bi Hadia na Kidawa walitokea ng'ambo, mtoto mgongoni. Waliketi kula maboga kwanza, ndipo Bi Hadia akaeleza.

"Kule sisi ni maiti, baba," akamwambia Mbaruku. "Nilikwenda kisimani nikaambiwa marehemu hachoti maji. Nikawaambia basi nizikeni. Wakasema maiti wenyewe hawajaonekana. Nikaona heri nikufuate wewe uliyetuzamisha."

Baada yao wakaja wengine, kwanza mmoja mmoja, kisha jamaa kwa jamaa, na mbuzi wao, na wazee wao, kadiri visima vya Tuamaji vilivyokauka. Wote walifikia ng'ambo ya mashariki, wakasimama wakiyaogopa maji, maana watu wa Tuamaji kwa vizazi vingi walikuwa wamekatazwa kuugusa mto kwa miguu, na hapakuwa na aliyejua kutembea ndani yake. Mbaruku aliwafuata na mti wake wa mkole. Aliwashika mkono, wazee kwa wajawazito, vipofu na waoga, akawaambia kanyaga hapa, sasa hapa, usitazame maji, nitazame mimi. Na kila aliyeingia majini na kuku watatu alifika na watatu. Kwa jina la nahodha hakuna aliyemwita. Watoto walimwita Mshika Mkono, na wakubwa wakalichukua jina hilo kwa watoto.

Isidhaniwe kwamba alisahau. Zilikuwapo siku ambazo mkono wake wa kulia ulijikunja wenyewe ukitafuta upondo, na alipokuwa amechoka alikuwa mtu wa maneno makali. Lakini maombi yake yalikuwa yamebadilika. Alikuwa mtu wa kusema na Mungu mambo madogo madogo siku nzima, akiwa ndani ya maji, kama mtu anayezungumza na mwenzake wa kazi.

Mwaka wa nne wa kukauka kwa Tuamaji, Baraza la Ukingo likafika.

Lilikuja mchana wa jua kali, kutoka kifusini, na watu waliokuwa wakipalilia walisimama na majembe yao kutazama. Wachukuzi kumi na sita, ambao ndio waliokuwa wamebaki wa kuamrishwa, walikuwa wameibeba Mashua Kuu mabegani, na ndani yake walikuwa wameketi Wakuu wote saba na Bwana Mhuri, wamevaa majoho, midomo imepasuka kwa kiu. Mashua ilitua ukingoni kwa kishindo. Wachukuzi walijitupa kifudifudi wakaanza kunywa, na hapakuwa na aliyewakataza, kwa kuwa kuwakataza kungehitaji kutaja walichokuwa wakinywa.

Mbaruku alivuka akaja kuwapokea, Somoe na wapaliliaji wakimfuata. Jicho lake, la fundi, lilikwenda kwanza kwenye mbao. Karibu miaka mitatu tangu aondoke hakuna aliyeitia kalafati. Pamba ilikuwa imeanguka yote, na katika nyufa aliweza kuona majani ya ng'ambo ya pili.

"Karibuni, waheshimiwa," akasema. "Poleni kwa safari. Shukeni mnywe, kisha niwavushe kwa mguu. Chakula kipo."

Mwenye Maji alitazama juu ya kichwa chake. Alikuwa amekonda sana, na joho la buluu lilimning'inia. "Tumekuja kupakagua mahali hapa," akasema, "panaposemekana kuwapo."

"Wakuu huvuka wakiwa wameketi," Bwana Mhuri akaongeza. "Wewe unaijua sheria."

"Naijua, bwana. Lakini chombo hiki kimekauka. Kitaingiza maji kabla hakijafika popote. Na mto unavuta kushuka kule, kwenye shimo."

Bwana Mhuri alifikiri. Ilionekana kweli anafikiri, na jambo hilo lilimtia Mbaruku huruma.

"Mto Liwalo uko Tuamaji," hatimaye akasema. "Kwa hiyo hapa hakuna mto. Maji yasiyokuwapo kisheria hayawezi kuingia katika chombo kilichopo kisheria. Sukumeni."

Wachukuzi wakatazamana. Wanne waliinuka kwa mazoea, wakasukuma, mashua ikaingia. Kisha wakarudi kwenye nyasi wakaketi na wenzao, na mmoja wao akaomba boga.

Mashua ilielea. Kwa muda mfupi ilielea vizuri sana, na Wakuu wakanyoosha shingo zao, na Mwenye Maji akaweka mkono wake juu ya ubavu kama alivyokuwa akiuweka katika sherehe za masika. Halafu omo ikaanza kugeuka polepole kufuata mkondo. Mbaruku alikuwa amekwisha kuingia mtoni. Aliona kiatu kimoja cha Mkuu kikiinuliwa kutoka sakafuni, kisha cha pili, kisha viatu vyote vikiwa vimeinuliwa, na nyuso juu ya viatu vile zikiwa tulivu, zinatazama mbele. Akaelewa kwamba kila mmoja wao anajua, na kila mmoja anamngoja mwenzake awe wa kwanza kulisema neno.

"Waheshimiwa," akaita, akienda sambamba nao, mti wa mkole ukipapasa mbele yake. "Hapa mlipo maji ni ya magoti. Shukeni sasa, mtasimama. Mbele hapo sina uwezo."

Hakuna aliyegeuka. Majoho yalikuwa yameanza kuelea kandokando ya viuno vyao. Nyuma yake alimsikia Somoe akiwaita watu, na vishindo vya miguu ya watu waliokuwa wakiingia mtoni, Bi Hadia na wapaliliaji na hata wachukuzi wawili, wakishikana mikono mmoja baada ya mmoja kutoka ukingoni kama alivyowafundisha, mnyororo mrefu unaokuja mpaka kwake. Mkono wa Kidawa ukamshika wa kushoto.

Shimo la kijani lilikuwa hatua kumi mbele ya mashua, kisha nane. Mbaruku aliutupa mti wa mkole ili apate mkono mtupu, akamwambia Mungu, kwa sauti ya kawaida, "Haya, tuko," akaunyoosha.

Kutoka ndani ya mashua, mahali ambapo majoho yalikuwa yamechanganyika hata usijue la nani, mkono mmoja wenye pete ukatokea juu ya ubavu, ukapapasa hewani. Mbaruku akasogea hatua moja. Akahisi mchanga ukiteremka chini ya wayo wake, akasogea nyingine.